Wimbo wa Malkia

Wanafunzi wenzangu, katika kwaya yetu yamezuka mabishano ambayo nataka kuyaleta mbele yenu, na mbele ya wanafunzi wa zamani pia. Baadhi yetu husema kwamba kumwimbia mkubwa anapotutembelea ni kujipendekeza tu. Mgeni akiisha kuondoka, sifa zimekwisha, na saa zetu za mazoezi zimepotea bure. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mimi, niimbaye besi, naijibu kwa habari ya wimbo mmoja uliotungwa Ujerumani.

Mtungaji wake ni Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa mwaka 1685 na kufa mwaka 1750. Tangu mwaka 1723 alikaa mjini Leipzig, akifundisha muziki wavulana wa Shule ya Mtakatifu Thomas na kusimamia uimbaji makanisani. Tena tangu mwaka 1729 aliongoza chama cha wapiga muziki, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, waliokuwa wakikutana katika mkahawa wa Bwana Zimmermann.

Tarehe 8 Desemba 1733 chama hicho kiliimba kantata mpya, yaani utungo wa vipande kadhaa, vingine vya mtu mmoja na vingine vya kundi zima, pamoja na vyombo. Haikuwa ya kanisani. Ilikuwa ya siku ya kuzaliwa ya Maria Josepha, mke wa mtawala wa Saksonia. Mumewe alikuwa amechaguliwa kuwa mfalme wa Polandi mwezi wa Oktoba mwaka uleule, basi naye aliimbiwa kama malkia. Waimbaji wanne walijifanya miungu ya hadithi za kale: wa vita, wa elimu, wa amani na wa sifa. Maneno ya mwanzo huziamuru ngoma zilie na tarumbeta zivume. Na kweli, sauti ya kwanza kusikika ni ya ngoma kubwa za shaba, peke yake.

Je, Bach alijipendekeza? Siwezi kukana kabisa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo alikuwa amempelekea mtawala yule muziki wa misa, pamoja na barua ya kuomba cheo katika jumba lake, akilalamika kwamba katika kazi yake Leipzig alikuwa akidhulumiwa. Cheo alikipata mwaka 1736. Mcheza kwao hutuzwa, ingawa tuzo hiyo ilikawia miaka mitatu!

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Maneno ya kumsifu malkia siku ya kuzaliwa kwake hayafai siku nyingine. Bach hakukubali kazi yake izikwe pamoja nayo. Mwaka wa pili aliutwaa ule wimbo wa kwanza, akautilia maneno mapya, na tarehe 25 Desemba 1734 ukaimbwa kanisani kushangilia kuzaliwa kwa Yesu. Ngoma bado hutangulia, ijapokuwa maneno hayazitaji tena. Wimbo wa besi uliomsifu malkia ukawa wa kumsifu Mfalme mwenye nguvu aliyelazwa horini. Wimbo wa mwisho ukawa wa kufungulia sehemu ya tatu. Utungo huo wote, wenye sehemu 6, waitwa Oratorio ya Krismasi, na hata leo huimbwa katika nchi nyingi. Wengi wauimbao hawajapata kulisikia jina la Maria Josepha.

Hapa ndipo nionapo jibu. Kama Bach angalisema, "Huu ni wa siku moja tu, na tuumalize upesi," usingalifaa kwa Krismasi. Sifa zilikuwa za malkia, lakini bidii aliitia katika muziki wenyewe.

Basi nasi tukiambiwa tumwimbie mgeni, tuyapime maneno, tusimpe mtu sifa asizokuwa nazo. Hilo nakubaliana na wenzangu. Lakini kushika sauti, kuvuta pumzi vizuri, kumsikiliza jirani yako ili msipishane, hayo mgeni haondoki nayo katika motokaa yake. Yabaki kwetu, nasi tutayahitaji Jumapili ijayo, na Krismasi, na siku tutakapofundisha wengine.

Mwenye hoja ya kunipinga na aiandike katika toleo lijalo. Nitaisoma kwa furaha, baada ya mazoezi.