Kujua Kabla ya Kusahau

Mama yetu aliuza samaki wakavu katika soko la Kenya, hapa Lubumbashi, kwa miaka mingi bila kukosea hesabu. Alipofika miaka 51, alianza kumrudishia mteja mmoja chenji mara mbili. Kisha, jioni moja, akapotea njia ya kurudi nyumbani.

Sisi watoto wake watatu tulitazamana bila kusema neno. Tulikijua kisa cha babu yetu mzaa mama, mfanyakazi wa migodi, aliyeanza kusahau vivyo hivyo kabla ya kutimiza miaka 50. Wakati ule ukoo ulimshtaki dada yake mkubwa kwamba amemloga. Bibi huyo alifukuzwa, akafa ugenini, wala hakuna aliyemwomba radhi.

Katika kutafuta maelezo, tulisoma habari za jimbo la Antioquia, nchini Kolombia. Huko pia koo fulani zilipotewa na kumbukumbu kizazi baada ya kizazi, na huko pia watu walitaja uchawi. Wengine walisema mgonjwa amegusa mti mbaya. Tangu miaka ya 1980 daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, alizifuata familia hizo hadi vijijini. Ikajulikana kwamba ni ugonjwa wa Alzheimer wa kurithi, utokanao na kasoro katika jeni moja. Kila mtoto wa mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Walioirithi kwa kawaida huanza kusahau wakiwa na miaka 44 hivi, na hushindwa kujitunza karibu na miaka 49.

Wataalamu waliwapiga picha za ubongo kwa mashine ya PET. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo, inayonata kwenye protini iitwayo amiloidi, na mashine huonyesha ilikonata. Ilionekana kwamba amiloidi huanza kujikusanya mtu akiwa na miaka 28 hivi, umri ambao wengi huwa wanaoa, wanaolewa na kulea watoto wachanga.

Je, sisi tungependa kuiona picha hiyo? Mmoja wetu alisema ndiyo, ili amweleze mchumba wake ukweli. Mwingine alikataa: kwa nini aomboleze miaka 15 kabla ya msiba? Hatukuafikiana, wala hatukulazimishana. Hata huko Kolombia, katika jaribio la dawa lililowahusisha watu 252, walichanganywa wenye kasoro na wasio nayo, ili asilazimishwe mtu kuijua hali yake. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kwamba dawa ile haikufaulu.

Tena picha si hukumu. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mwanamke wa ukoo huohuo: ubongo wake ulijaa amiloidi kupita kiasi, lakini kumbukumbu yake ilidumu mpaka miaka ya sabini. Alikuwa amerithi pia jeni nyingine adimu, inayodhaniwa kuwa ndiyo iliyomkinga.

Kwetu, wagonjwa wawili katika ukoo mmoja si uthibitisho. Alzheimer ya kurithi namna hiyo haifiki mgonjwa mmoja katika mia. Lakini ugonjwa wenyewe upo nchini mwetu: huko Kinshasa, Dkt. Jean Ikanga na wenzake wamechunguza damu na ubongo wa wazee wanaosahau. Jambo moja halikuhitaji mashine yoyote: dada yake babu hakumloga mtu.

Basi tulisafiri kwenda kwa watoto wake, tukaketi chini, tukaomba msamaha kwa niaba ya ukoo. Walinyamaza kwa muda mrefu. Mwishowe mkubwa wao akauliza, "Na Mama anaendeleaje?"

Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 3, kinamwagiza mtoto amvumilie mzazi aliyepungukiwa akili. Kila asubuhi tunapokezana kumwogesha Mama na kumtajia majina yetu. Nanyi, vijana, mkisikia mtaani kwamba mzee fulani ni mchawi kwa kuwa anasahau au anatangatanga usiku, msinyamaze. Mwendeeni, mrudisheni nyumbani kwake, na muwashauri jamaa zake wampeleke kwa daktari.