Katika Mchanga wa Sharqiya, na Faida ya Swichi Ndogo

Safari hufundisha mengi, na mara nyingine funzo kubwa hutoka katika kitu kisichozidi ukubwa wa kiganja. Kusudi letu mwezi huu ni kuwapa khabari za Omani ya mashariki, nchi ambayo wengi wa watu wa pwani yetu wana jamaa huko. Pamoja na khabari hizo tutaeleza jambo moja linalompasa kila mwenye motokaa kulijua, nalo ni swichi ya kukatia umeme wa betri.

Tulitoka Maskati baada ya sala ya alfajiri, tukashika njia ipitayo baina ya majabali makavu mpaka Ibra. Huo ni mji wa kale wenye mitende na mifereji ya maji iitwayo falaj, na katika sehemu hizo ndiko walikotoka watu wengi waliovuka bahari kwenda Unguja na Mrima katika karne ya 19. Kwa hiyo si ajabu mgeni atokaye kwetu kujibiwa kwa Kiswahili dukani. Kutoka Ibra tulikwenda Bidiyah, na hapo ndipo lami inapoachwa na mchanga unapoanza.

Mchanga huo zamani ulijulikana kwa jina la Wahiba, na leo huitwa Mchanga wa Sharqiya. Urefu wake, kaskazini hata kusini, ni kiasi cha kilomita 180, na upana wake kiasi cha kilomita 80. Vilima vyake vingine hufikia mita 100 kwenda juu. Huingiwi ila kwa kupunguza upepo wa magurudumu, na mwenye akili haingii kwa gari moja peke yake.

Tulilala humo gari tatu. Jirani yetu mmoja, aliyekuja na mkewe na watoto wanne, aliacha friji yake ndogo ikifanya kazi usiku kucha kwa betri ile ile ya kuwashia injini. Asubuhi alipozungusha ufunguo hapakusikika ila mlio mdogo wa tik, tik. Gari lake lilikuwa la gia zinazojibadilisha zenyewe, ambalo haliwaki kwa kusukumwa. Na hata lingaliwaka, nani asukume gari la tani mbili mchangani? Simu hazikushika pale bondeni, na jua lilikwisha kupanda. Lau angalikuwa peke yake, maji ya watoto wake yangalihesabiwa kwa vikombe.

Katika msafara wetu alikuwamo mzee mmoja aliyekulia Unguja. Alileta nyaya nene, akaunganisha betri yake na ile iliyokufa, na injini ikawaka. Kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, betri hii ni ya kuwashia gari, si ya kufanyia karamu." Akatuita sote tutazame gari lake.

Gari hilo lilikuwa la kupigia kambi, lina kitanda, taa na friji ndani yake. Betri zilikuwa mbili: moja ya injini, na nyingine ya mambo ya nyumba. Kila moja ilikuwa na swichi yake ya kuzungusha kwa mkono. Usiku mzee hukata ile ya injini, na taa na friji hula betri ya pili tu. Hata ikiisha kabisa, gari litawaka.

Wala faida hii si ya jangwani peke yake. Gari la siku hizi halilali kabisa hata likizimwa: saa, king'ora cha wezi na vyombo vya kompyuta huendelea kunywa umeme. Tuseme vyavuta ampea 0.05 tu. Kwa siku moja ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 60 itapoteza nusu yake kwa siku 25. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimaliza. Na betri ya risasi ikikaa bila ya umeme kwa muda mrefu, bamba zake hushika ukoko mgumu, na nguvu zake hazirudi zote. Basi mwenye kuliacha gari mwezi mzima kwa Hija au kwa kuzuru jamaa, swichi hii humwokolea gharama ya betri mpya.

Yako mambo ya kuangalia. Swichi hufungwa katika upande wa hasi, maana bodi la gari limeungana na upande huo, na spana ikigusa chuma haitatoa cheche. Iwe yenye kuhimili mamia ya ampea, kwa kuwa stata huvuta umeme mwingi. Isikatwe kamwe injini ikiwa inazunguka, kwani alteneta huweza kuungua. Ufunguo usiachwe ndani ya gari, kwa sababu milango ifungwayo kwa umeme yaweza kukataa kufunguka. Na mtu asistaajabu saa na redio zikisahau mipango yake. Katika magari mengine ya kisasa, yafaa kwanza kumwuliza fundi anayeyajua.

Siku ya pili tulifika Sur, mji wa mafundi wa majahazi, ambao vyombo vyake vilikuwa vikija pwani yetu kwa pepo za kaskazi. Nakhodha wa zamani hakung'oa nanga kabla ya kukagua maji, tanga na kamba. Nanyi vijana mnaoshika usukani leo, jueni kuwa wake na watoto waliomo garini ni amana mikononi mwenu. Kagueni betri kama yeye alivyokagua tanga, na tahadhari iwe kabla ya athari.