Njia ya Johannesburg na tarehe ya 30 Juni

Juma hili tunawapeleka safarini. Mwaka jana, likizo ya Pasaka ilipofika, tulifunga madaftari ya wanafunzi, sisi ndugu wawili, tukapanda basi hapa Lubumbashi kwenda Johannesburg. Mama yetu alikuwa mgonjwa sana. Dada yake, mama mkubwa, anaishi huko, na Mama alikuwa na ombi moja tu: «Mniletee yaya wangu.»

Mama mkubwa alifanya kazi ya uuguzi Ubelgiji miaka mingi. Alipostaafu alihamia karibu na binti yake Afrika Kusini, kwa viza ya wastaafu. Viza hiyo hutolewa kwa muda usiozidi miaka 4, na mwenye kuiomba huonyesha kwamba anapata randi 37,000 kila mwezi bila kufanya kazi. Malipo yake ya uzeeni yalitosha.

Njia ni ndefu. Kilometa kama 90 tu na tayari uko Kasumbalesa, kati ya malori ya shaba yanayongoja duane. Unavuka Zambia yote hadi Lusaka, halafu unateremka milimani hadi Chirundu, penye joto na mto Zambezi. Pale, tangu 2009, Zambia na Zimbabwe hukagua wasafiri mahali pamoja, na tulishukuru, maana miguu ilikuwa imevimba. Baada ya Harare ni Beitbridge na mto Limpopo. Kila mpaka afisa alifungua pasporti zetu na kutazama jambo moja kabla ya sura zetu: tarehe. Hatukujua kwamba tarehe ndiyo ingekuwa habari yote ya safari hii.

Johannesburg tulifikia Yeoville. Mama mgeni, usiogope: sokoni pale utasikia Kiswahili na Lingala, utapata sombe na makayabu, na mtu atakuuliza unatoka komini gani. Jioni ile tulikula bukari kwa mama mkubwa. Sanduku lake lilikuwa limefungwa tayari mlangoni.

Binti yake ndiye aliyesema, «Mama, tuone kwanza pasporti.» Viza ilikuwa inaisha 30 Juni, siku ambayo hakuna Mkongomani anayeisahau. Tulikuwa katikati ya Aprili. Sote tulifurahi: miezi miwili na nusu! Aende, akae, arudi Juni mwanzoni.

Lakini binti alikuwa ameuliza. Kule, mwenye kutaka kuongeza muda hutakiwa kupeleka ombi siku 60 kabla ya viza kuisha. Tulihesabu kwa vidole kama watoto wa darasa la kwanza: ilikuwa 1 Mei. Basi tarehe zilikuwa mbili, ile iliyoandikwa katika pasporti na ile isiyoandikwa popote. Kama angeondoka nasi na kurudi Juni, viza ingekuwa hai bado, lakini muda wa kuomba ungekuwa umepita. Tena viza ikimwishia akiwa huku kwetu, angeomba upya kutoka mwanzo, mbali na nyumba yake. Na akikaa kule baada ya viza kuisha bila ombi, siku chini ya 30 humfungia mtu mlango kwa miezi 12. Zaidi ya siku 30, miaka 5.

Dosie ilidai barua ya daktari na cheti cha polisi kutoka nchi alikoishi. Vyeti hivyo visipite miezi 6. Cha Ubelgiji kilikuwapo. Cha Kongo hakikuwapo.

Mama mkubwa alilia, akasema, «Niende tu, mambo ya karatasi tutaona.» Tulinyamaza. Asubuhi tulipanda basi bila yeye.

Kufika nyumbani Mama alitazama mlango nyuma yetu, akauliza, «Yuko wapi?» Hatuna neno la kueleza macho yale. Kesho yake tulianza kuzunguka ofisini, tukapata cheti, na mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anapanda ndege akakibeba ndani ya mkoba wake. Tarehe 29 Aprili dosie iliingia. Tarehe 9 Mei mama mkubwa alishuka Luano.

Walikaa pamoja majuma sita, wakilala chumba kimoja, wakicheka mambo ya utoto wao ambayo hatukuyaelewa. Tarehe 24 Juni aliondoka, viza ingali hai. Mama alifariki Julai mwanzoni, na mama mkubwa hakuja kilioni, kwa sababu viza ya zamani ilikuwa imekwisha na mpya haijatoka. Risiti ya ombi si viza. Wapo wamama waliosema, «Dada gani huyo?» Tunawajibu hapa: alikuja wakati ndugu yake alikuwa anaweza kumwona.

Wengi wetu hatutapata viza ya wastaafu. Lakini tuna watoto na dada wanaokaa nje kwa karatasi zenye mwisho. Kabla hujamwambia mtu «njoo haraka», mwulize mambo matatu: karatasi yako inaisha lini, ombi la kuongeza linapelekwa lini, na cheti gani tukutafutie huku. Mwulize leo, kabla hakuna mgonjwa. Cheti tulichokihangaikia kwa siku nne tungeweza kukitafuta polepole mwezi wa pili, na Mama asingetazama mlango ule.