Barua kutoka Nakano: kabla hujailipia hiyo saa

Mpwa wangu,

Uliniuliza kama ununue ile Seiko ya zamani uliyoiona mtandaoni, nikakwambia ngoja kwanza nifike Tokyo. Haya, nimefika, na jibu ninalo.

Leo nimepanda treni ya njia ya Chuo pale kituo cha Shinjuku. Dakika tano hivi, uko Nakano. Ukitokea upande wa kaskazini unaingia kwenye njia ndefu iliyoezekwa, maduka huku na huku, na mwisho wake ndiyo Nakano Broadway, jengo la mwaka 1966. Vijana wengi hufuata vinyago vya katuni. Mimi nikapanda moja kwa moja mpaka orofa ya tatu, kwa hesabu ya Wajapani wanaoanzia chini kabisa, kwenye maduka ya saa.

Rolex zimejaa, lakini nilichokodolea macho ni vijikaratasi vya bei. Nilimulika kimoja kwa simu initafsirie, kilikuwa cha Seiko 5: kioo kina mikwaruzo, mkanda si wake wa asili, ubavuni kuna kovu. Muuzaji kaitangaza kasoro mwenyewe kabla hujamuuliza! Kipimo chako kiwe hicho hicho. Mtandaoni saa huishiki mkononi, kwa hiyo unachonunua kwanza ni ukweli wa muuzaji. Saa ya miaka hamsini isiyo na dosari hata moja ni ya kuitilia shaka, na tangazo lenye sifa tupu lipite.

Nikamwomba muuzaji aigeuze, na hapa nataka usome polepole. Mgongoni pameandikwa namba nne, kistari, halafu nne nyingine. Zile za mwanzo, kwenye hii zilikuwa 6119, ni za mashine. Za pili ni za kasha. Kando yake ipo namba ya kiwanda. Tarakimu yake ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Hii ilianza na 1N. Kwa kuwa mashine ya 6119 ni ya mwisho wa miaka ya 60 na mwanzo wa 70, hiyo ni Novemba 1971, kwa vyovyote si 1981.

Sasa rudi mbele. Chini kabisa usoni, pembeni mwa kioo, kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Omba picha ya karibu. Namba ya mashine iliyopo hapo ikigombana na ya mgongoni, ujue hiyo ni saa ya viraka: uso wa huku, kasha la kule. Na uso unaong'aa rangi kali huku kasha limechakaa huenda umepakwa upya. Tazama herufi za jina, zikiwa nene au zimepinda, achana nayo.

Picha pekee hazitoshi. Dai video, mshale wa sekunde ukitembea, na muuzaji akibonyeza kile kitufe cha pembeni kubadilisha tarehe na siku. Asifanye hivyo kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, meno ya kalenda yanaweza kuvunjika. Nawe ukiipata uzingatie. Usishangae siku zikiwa kwa maandishi ya Kijapani, Jumamosi ya buluu na Jumapili nyekundu. Hiyo ni dalili kwamba saa iliuzwa humu humu Japani.

Muulize pia ilisafishwa lini na fundi. Akikosa jibu, weka akiba ya ufundi juu ya bei, pamoja na usafiri na ushuru wa forodha. Tangazo la Kijapani likisema "janku," maana yake chukua ilivyo, hakuna kurudisha. Liache kwa mafundi. Na hata kama mgongoni wamejigamba kwamba haiingii maji, mipira yake imezeeka. Ivue kabla hujatawadha.

Kwa nini nakusukuma kwenye Seiko 5 na si ya kifahari? Zilianza 1963, zikatengenezwa kwa wingi mno, vipuri bado vinapatikana, na ukikosea hukuuza shamba.

Kesho naenda Ginza kuutazama mnara wa saa wa 1932. Wewe usilipe kitu. Mwandikie muuzaji leo akutumie picha ya mgongo na ya chini ya uso, kisha unirushie. Akikataa, tumeshapata jibu bila kutoa hata senti.

Mjomba wako