Kuni za Bibi wa Shishiyu

Mgeni aliyefika kwa bibi huyu, Shishiyu wilayani Maswa, hakuulizwa kama ana njaa. Aliwekewa bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa, pamoja na kikombe cha chai. Ukimwamkia "Mwangaluka, mayu", alikujibu kwa kirefu: hali yako, ya ng'ombe wenu, ya mvua za huko utokako. Muda wote huo macho yake mekundu yalikuwa yakitoa machozi, naye akiyafuta kwa upindo wa kitenge bila kukatiza maneno.

Macho hayo yaliharibiwa na moshi, na moshi ulitokana na uhaba wa kuni.

Alizaliwa kabla ya Uhuru, katika nchi iliyokwisha kuanza kupoteza miti. Tangu miaka ya 1920 serikali ya Waingereza ilihimiza mapori ya Usukuma yafyekwe ili mbung'o waishe, na pamba ikafuata nyuma ya shoka. Hata hivyo, utotoni mwake kuni hazikuwa mbali. Kaya nyingi za wafugaji zilikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasitie mguu mpaka kiangazi kikolee. Humo migunga iliota kwa raha yake, na mabinti waliokota matawi yaliyokauka.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji, 1974. Familia ikahamishwa, ngitili ikabaki haina mwenyewe, na miti yake haikuchukua muda kuisha. Kwa miaka mingi baada ya hapo bibi alipikia chochote alichopata: miti ya pamba baada ya mavuno, mabua ya mtama, na hivyo vikiisha, mavi makavu ya ng'ombe. Aliyewahi kuyapikia anaujua moshi wake. Jiko la bibi halikuwa na dirisha, na ugali wa mtama wa kulisha ukoo mzima unataka mtu auinamie, mwiko mikononi, uso juu ya mafiga. Wajukuu walikimbilia mlangoni wakikohoa. Yeye alibaki ndani akisonga.

Usukumani macho mekundu ya mwanamke mzee yaliweza kumtoa roho. Katika miaka ya 1990 na 2000 vikongwe wengi wa Mwanza na Shinyanga waliuawa kwa mapanga wakishukiwa uchawi, na macho yao yakitajwa kuwa ushahidi. (Maswa ilikuwa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa, 2012.) Ushahidi wa nini, kama si wa mafiga? Bibi naye alinong'onwa, mwaka ambao ndama wa jirani mmoja walikufa mfululizo. Wanawake wa rika lake hawakungoja usiku uingie. Walikwenda kwa jirani huyo mchana kweupe, wakajipanga uani, wakamtaka awatazame machoni mmoja mmoja. Wote walikuwa nayo mekundu. Hakuna aliyemsikia tena akizungumzia ndama.

Miti yenyewe ilikuwa imeanza kurudi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, na busara yake ilikuwa kutoleta jambo geni: uliwahimiza watu wafunge tena ngitili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili za mkoa huo zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000. Ya bibi ilikuwa ekari chache tu nyuma ya mji wake, naye aliilinda kwa ukali ambao hakuuonyesha penginepo. Mjukuu aliyerudi na tawi bichi alikiona cha moto; aliyeleta makavu alipewa karanga.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wajukuu wa mjini wakamletea bibi mtungi mdogo wa gesi. Aliukubali kwa chai na uji. Kwa ugali aliukataa katakata: moto wake, alisema, hauna nguvu, na jiko linayumba mtu akisonga. Hiyo hoja ya pili ilikuwa ya kweli kabisa. Tena gesi ikiisha, kuijaza ni nauli na fedha taslimu, ilhali ngitili iko hapo nyuma ya nyumba.

Tangu afariki, ngitili hiyo ndiyo ajenda ya ukoo. Mmoja wa wanawe anataka ilimwe dengu. Binti yake mkubwa, ambaye macho yameanza kumwasha, anataka ibaki na kila nyumba ijengewe jiko banifu. Kikao cha matanga hakikufikia muafaka. Shauri limeahirishwa mpaka pamba ivunwe. Kwa sasa, ingawa mvua hazijakatika, ng'ombe wa pande zote mbili wanalishwa humohumo.