Nauza, Nanunua: Siku Moja Katika Soko la Mtoni

Wengi wetu ijabu na kabuli twazisikia katika majlisi ya nikahi tu. Walii huozesha, bwana arusi hukubali, na mashahidi husikia. Ama dukani, sisi huweka fedha juu ya meza, tukachukua sukari yetu, tukaenda zetu bila ya neno. Nami nilikuwa hivyo hivyo, mpaka siku niliyofunzwa adabu ya kununua na bibi mmoja muuza machungwa, katikati ya mto, mbali kabisa na kwetu.

Mto wenyewe ni Martapura, upitao katika mji wa Banjarmasin, kusini mwa Kalimantan, katika nchi ya Indonesia. Wenyeji wa huko ni Wabanjari, watu wa dini ya Kiislamu, wafuasi wa Imam Shafi kama tulivyo wengi wetu wa pwani. Mji wao una mito na mifereji mingi hata umepewa lakabu ya Mji wa Mito Elfu. Maji ya mito hiyo hujaa na kupwa kwa kufuata bahari, na nyumba nyingi zimesimama juu ya nguzo za mbao.

Tulisali Subuhi, tukateremka gatini pamoja na kijana aliyekuwa kiongozi wetu wa safari, ambaye alikuwa akijua Kiarabu kutokana na chuo alichosoma. Tulipanda mashua ya mashini, tukapanda nayo mto kuelekea kijiji cha Lok Baintan. Njiani tuliona vijiji vinaamka: mama anafua ngazini, watoto wanaoga, na misikiti midogo imeuelekea mto kama vile ya kwetu inavyouelekea mtaa.

Jua lilipochomoza tulilikuta soko. Hapana meza wala kibanda. Ni mitumbwi mitupu, imebanana, inakwenda pamoja na mkondo. Wauzaji karibu wote ni wanawake, wamevaa pama pana za majani, kila mmoja na kafi yake mkononi. Wanauza ndizi, mboga, samaki na vitumbua vya kwao. Na wengine hubadilishana bidhaa kwa bidhaa bila ya fedha. Kiongozi wetu alitueleza kwamba barabara zimelidhoofisha sana soko jingine la zamani, la Muara Kuin katika mto Barito. Hili la Lok Baintan bado lipo, nalo hutawanyika kabla ya jua kuwa kali.

Bibi mmoja mtu mzima aliushika ubavu wa mashua yetu, akanionyesha machungwa. Alitaka rupia 25,000 za huko. Mimi, kwa mazoea ya sokoni, nikashuka, nikashuka tena, mpaka tukasimama 15,000. Nilijiona hodari. Nikampa fedha, nikapokea machungwa, nikageuka.

Yule bibi hakuuachia ubavu wa mashua. Alinitazama, akasema neno moja: "Jual."

Kiongozi akaniambia, "Amekwambia, nauza. Anangoja jawabu yako. Sema, tukar, yaani nanunua."

Ndugu msomaji, neno lile fupi lilinielemea. Nilizitazama nywele zake nyeupe, na mikono yake iliyolowa kwa kuvuta kafi tangu usiku. Nikakumbuka kwamba katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu ametukataza kula mali zetu kwa batili, ila iwe biashara kwa kuridhiana. Je, huyu ameridhia, au amechoka tu? Nikasema, "Tukar," lakini moyo haukutulia. Nikakumbuka tena Hadithi ya Mtume, s.a.w., kwamba wauziani wana hiari maadamu hawajaachana. Na mkono wake ulikuwa bado katika mashua yetu. Nikatoa rupia 10,000, nikamwambia kijana amwulize kama radhi yake ni ya kweli.

Bibi alicheka. Akasema, "Mwanangu, nimetamka kwa ulimi wangu mwenyewe. Kama nisingaliridhia, ningalirudi na machungwa yangu. Bei imekwisha. Ukitaka kunipa, sema wanipa."

Nikasema kwamba ni zawadi. Akaipokea, akashukuru, kisha akatia kichane cha ndizi mbivu mapajani mwangu, naye akasema kwamba ni zawadi. Hapo ndipo alipoachia mkono, na mkondo ukatutenga.

Adhuhuri tuliisali katika msikiti wa Sultan Suriansyah, huko Kuin. Msikiti huo wa mbao una jina la sultani wa kwanza wa Banjar aliyesilimu, katika karne ya 16. Nilipokuwa nimekaa pale, nilifikiri juu ya Sheikh Muhammad Arsyad al-Banjari (1710–1812), aliyesoma miaka mingi Makka, akarudi kwao kufundisha, akaandika kwa lugha ya Kimalei kitabu cha fiqhi ya ibada, Sabilal Muhtadin. Elimu iliyofundishwa kwa lugha ya watu haikukaa vitabuni. Imefika mpaka mitumbwini.

Najua kwamba baadhi ya wanavyuoni wa madhehebu yetu, akiwemo Imam Nawawi, wamejuzisha kuuziana kwa kupeana tu, palipo na ada hiyo. Basi simlaumu anayenunua kimya. Lakini neno lina faida yake: humsimamisha mtu, akamtazama mwenziwe usoni, akajiuliza kama anachokichukua amepewa kwa moyo.

Siku hizi mama muuza mchicha akija mlangoni kwetu, wanangu hawamwachii fedha kizingitini wakakimbia. Wamezoea kumwambia, "Mama, tumenunua, je, umeridhika?" Mara ya kwanza alistaajabu. Sasa hujibu, "Nimeuza, wanangu, na nimeridhika."

Mwenyezi Mungu atuhalalishie tulacho, na atulinde na haki za watu. Amin.