Mwaka Usiorudi

Wazee wetu hapa Dindira, hata wale ambao maisha yao yote yamekuwa kati ya mashamba ya chai na kanisa, wanalijua jina la Filbert Bayi. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, New Zealand, kijana huyo wa Karatu alikimbia mita 1,500. Hakungoja mzunguko wa mwisho. Alitangulia tangu mwanzo, na hakuna aliyempata. John Walker, mwenyeji, alikuwa wa pili. Bayi alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia.

Mwaka 1976 Olimpiki ilifanyika Montreal, Kanada, na wengi walingoja kuwaona wawili hao wakikutana. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, mwaka ule ule ambao wanafunzi walipigwa risasi Soweto. Tanzania ikasusia michezo, pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika. Walker akashinda mita 1,500. Bayi hakuwapo.

Sisi tuliozaliwa baadaye tunaamini kwamba nchi yetu ilisimama upande wa haki. Hata hivyo haki ile ilikuwa na gharama, na gharama haikugawanywa sawasawa. Mamilioni walisusia bila kupoteza kitu. Wachache walitoa mwaka wao bora.

Katika usharika wetu wapo watu wa namna hiyo. Binti mmoja alifaulu vizuri kidato cha nne, na mwaka huo huo mama yake akaugua. Kwa kuwa ndiye mkubwa, alibaki nyumbani kumuuguza na kuwalea wadogo zake. Mama alipopata nafuu, nafasi ya shule ilikwisha kupita. Siku moja baada ya ibada alituuliza, "Mchungaji, mwaka wangu ule Mungu ameuweka wapi?"

Ni rahisi kumjibu kwamba Mungu atamrudishia. Lakini tunamkumbuka Bayi. Mwaka 1980 alikwenda Moscow, akakimbia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Alitangulia tena, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Alipata medali ya fedha. Yeye na Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika michezo hiyo hiyo, ndio Watanzania pekee wenye medali za Olimpiki. Ni heshima kubwa. Lakini hazikuwa zile mita 1,500 za Montreal. Mwaka 1976 haukurudi.

Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 12, unafananisha imani na mbio. Tusisahau sura inayotangulia: imejaa watu waliokufa kabla ya kupokea walichoahidiwa. Mwandishi hafichi jambo hilo, wala hasemi kwamba walishindwa. Anasema kwamba Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao. Kwetu Walutheri hapo ndipo penye Injili. Hatupimwi kwa medali tulizovaa, wala kwa zile tulizokosa. Tumekwisha kupokelewa kwa neema, kwa ajili ya Kristo, ambaye naye alitoa maisha yake akiwa bado kijana.

Kwa hiyo tulimwambia binti yule kwamba mwaka wake haukupotea, kwa maana mama yake yu hai. Tulimwambia pia kwamba ana haki ya kuusikitikia, na kwamba Mungu hachukizwi na machozi hayo.

Neno lililobaki ni letu sote. Afrika Kusini ilipiga kura huru mwaka 1994, miaka 18 baada ya Montreal. Waliofurahia matunda wanawiwa na waliolipa. Wapendwa, katika kila nyumba yupo aliyebaki nyuma ili wengine waende mbele. Tusingoje mazishi yake ndipo tumshukuru. Na kama ada ya chuo inaweza kuchangwa, tuichange angali na nguvu za kusoma.